Chati ya ukoo imenishinda: babu ana wake watatu, fomu iko na mstari mmoja wa mke

kijana_wa_landi (Nakuru)

Wadau habari zenu. Sijui kama hapa ndio mahali pake lakini wacha nijaribu maana nimechoka. Tangu Desemba nakusanya habari za ukoo wetu upande wa baba. Sisi ni Waluo wa Ugenya lakini mimi nimezaliwa hapa Nakuru, baba pia alizaliwa hapa hapa kwa landi za reli (nyumba za wafanyakazi wa reli), babu aliandikwa reli 1951. Mama ni Mmaragoli wa Vihiga, upande huo bado sijaugusa.

Nilianza na kauntabuku moja, kila mzee akisema kitu naandika. Saa hii kauntabuku imejaa, nimeandika mpaka nyuma ya risiti za supamaketi, kwa simu niko na karibu saa nne za shangazi akiongea, programu za matanga nimezipiga picha ziko WhatsApp huko ndani ndani, nikitafuta kitu nilisikia mwezi wa nne sikipati. Juzi nikaingia saiba nikaprinti zile karatasi za kupanga ukoo, ile chati ya vizazi vitano yenye visanduku unaanza na wewe kushoto halafu wazazi halafu babu na nyanya mpaka mwisho, na ile fomu ya familia moja, mume, mke, watoto, tarehe. Nikasema sasa mambo yatanyooka. Wapi!

Babu alioa wake watatu, fomu iko na mstari mmoja wa mke. Halafu majina. Kwa makaratasi yangu kuna Otieno wanne, mmoja ni ndugu ya babu, mmoja ni baba mdogo, mmoja ni mtoto wa huyo ndugu ya babu, na wa nne sijui ni nani, nimepata tu jina lake kwa programu ya matanga ya 1997 ameandikwa kati ya wajukuu. Halafu tarehe ndio usiseme. Dani, yaani nyanya, alizaliwa "wakati wa nzige", kitambulisho chake kinasema 1936 na kila mtu nyumbani anajua hiyo 1936 karani alijikadiria tu.

Lakini kilichonileta hapa ni hiki. Nilichukua karatasi kubwa ya manila nikachora ukoo wote wa babu, nikaona imependeza, nikapiga picha nikatuma kwa grupu ya familia. Kumbe nimewasha moto. Baba mdogo mmoja wa nyumba ya kwanza (yaani ya mke wa kwanza) akauliza kwa nini watoto wa nyumba ya pili wameandikwa juu ya wa nyumba ya kwanza, nani alinituma, na kama hii ni maneno ya shamba niseme mapema. Mimi nilianza na nyumba ya pili kwa sababu ndio yetu na ndio niko na habari zake nyingi, sikuwa na lingine! Siku mbili grupu haikulala, watu wawili wakatoka, baba akaniambia niiondoe hiyo picha na kwa simu yangu pia.

Swali langu: nyinyi wenye mmefanya hii kazi mnapanga aje? Karatasi gani ya nini? Na nyumba yetu nimeiandika hivi, mniambie kama iko sawa:

Babu na dani (mke wa pili, nyar Alego)
1. Shangazi, 1953
2. Baba, 1956
3. Baba mdogo Okello, 1962
4. Shangazi mdogo, 1965

Wote wamezaliwa Nakuru. Asanteni.

---

mchana_kutwa

Nafuatilia. Kwetu pia ni hivyo hivyo, ila sisi wake ni watano.

---

karani_mstaafu (Kisumu)

Kijana wa landi, pole kwa hiyo ya grupu, itapoa. Mimi nilikuwa karani wa parokia miaka mingi na vitabu vya ubatizo ndivyo vilinifundisha haya, si shule.

Naona umeitwika karatasi moja kazi tatu. Hebu zitenganishe.

Ile chati ya visanduku ni ya kupanda. Inauliza jambo moja tu, wewe umetokana na nani. Wewe ni namba 1, baba yako 2, mama 3, babu mzaa baba 4, dani yako 5, guga wa Vihiga (babu mzaa mama) 6, guku (nyanya mzaa mama) 7. Namba ya baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, na mama yake ni hiyo ongeza moja. Babu yako ni 4, kwa hiyo baba yake ni 8 na mama yake ni 9. Ukitoa wewe mwenyewe hapo namba 1, wanaume wote ni shufwa na wanawake wote ni witiri. Vizazi vitano ni majina 31 na hapo karatasi imeisha. Hesabu hii ni ya zamani sana, Michaël Eytzinger aliichapisha huko Cologne mwaka 1590, na bado hakuna aliyepata nyepesi kuliko hiyo. Sasa angalia, kwa chati hii wale wake wengine wawili wa babu HAWAINGII. Si dharau, ni kwamba hukutoka kwao. Kwa hiyo chati ya kupanda haina ugomvi na mtu yeyote, hata ukiituma kwa grupu.

Kazi ya pili ni kushuka, kutoka kwa babu mpaka wajukuu wote. Hii ndiyo uliyochora kwa manila. Usitumie visanduku vya kununua hapa, tumia namba zako. Babu ni 1. Nyumba zake ni A, B, C kwa mpangilio walivyoolewa, upende usipende, hata kama A huna habari zake uache karatasi tupu lakini iwe ya kwanza. Mtoto wa tatu wa nyumba ya kwanza ni 1A3. Baba yako ni wa pili nyumba ya pili, yeye ni 1B2. Baba yako ameoa mke mmoja? Weka A hata hivyo, kesho hujui. Wewe ukiwa mtoto wake wa nne ni 1B2A4. Mtu akikuuliza habari ya Otieno unamuuliza Otieno namba ngapi. Wale Otieno wako wanne wataacha kugombana siku hiyo hiyo.

Yule usiyemjua wa 1997 usimpe namba. Mwandikie karatasi yake pembeni, juu yake andika "Otieno, mjukuu, programu ya matanga 1997", basi, akae hapo mpaka apate wenyewe. Nimeona watu wakimlazimisha mtu kwa nyumba fulani kwa sababu ya nafasi tu, na baada ya miaka kumi hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa ni kubahatisha.

Kazi ya tatu ni ile fomu ya familia. Jaza moja kwa kila NYUMBA, si kwa kila mwanamume. Babu yako ana fomu tatu, jina lake linarudi juu ya kila moja na mke ni mmoja kwa kila fomu. Hapo ule mstari mmoja unatosha kabisa. Na upande wa kulia piga rula, ongeza safu moja andika "nani alisema". Kila tarehe na kila jina liwe na jibu hapo: shangazi, Machi, kitambulisho, programu ya matanga, kaburi. Fomu isiyo na hiyo safu ni hadithi.

Andika kwa penseli.

---

fundi_saiba_nax (Nakuru)

Mzee karani heshima yako lakini bado tuko kwa penseli kweli? Kijana pitia kwetu kwa saiba hapa mjini uone. Hiyo kitu fungua Excel, kila mtu mstari mmoja, namba yake, jina, namba ya baba, namba ya mama, alizaliwa lini, wapi, nani alisema. Ukitaka Otieno wote unabonyeza unawaona wote wamepangwa. Daftari haliwezi hiyo.

Ama chukua Gramps, ni ya bure, inakaa kwa kompyuta yako hata bila intaneti na mwanaume mmoja unamwekea familia hata nne haikulalamikii. FamilySearch pia ni ya bure lakini ujue kitu kimoja, mti wa huko ni mmoja wa dunia nzima, marehemu ukimweka mtu mwingine mwenye akaunti anaweza kumbadilisha, walio hai ndio wanafichwa. Na programu yoyote utakayochagua, kabla hujajaza watu mia mbili angalia kama inaweza kukutolea faili ya GEDCOM, hiyo ndio karibu programu zote zinasoma, ndio siku hiyo kampuni ikifunga usibaki unalia.

Zile rekodi za shangazi zitoe kwa simu leo. Si kesho. Nimeona simu ngapi zikianguka kwa choo hapa.

---

karani_mstaafu (Kisumu)

Fundi, sikatai. Ila shangazi yake wa Nakuru hatasoma Excel. Karatasi unaiweka kwa meza, mzee anaweka kidole, anasema "huyu si hapa". Kompyuta iwe ya kuhifadhi, karatasi iwe ya kuuliza.

---

fundi_saiba_nax (Nakuru)

Hapo sawa mzee. Na sisi ndio tunaprinti, hatujakataa hela 😄

---

NyarKano_mwalimu (Kisumu)

Mwanangu wa landi, wengine wamekuambia ya namba, mimi nataka nikuambie ya majina, kwa sababu umeandika majina ya Kiluo kama unaandika herufi tu na hayo majina yanaongea.

Kwanza "nyar Alego" si jina. Ni binti wa Alego, ni kusema ametoka wapi, wanawake mia wanaitwa hivyo kwa kijiji kimoja. Dani yako alikuwa na jina lake na la baba yake. Kwa fomu mwanamke anaandikwa jina la kwao, la kuzaliwa, sio la mume, la sivyo ukifika hapo namba 10 na 11 kwa ile chati ya mzee karani hutaweza kwenda mbele hata hatua moja. Nenda kwa kina dani huko Alego ukaulize wajomba za baba yako. Hao hakuna mtu anawauliza na ndio wako na habari.

Pili, watu wakikuambia huyu ni "ndugu" yangu ama "baba" yangu usiandike haraka haraka. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na ndugu ya babu ni babu tu. Uliza kama ni wa tumbo moja. Ukiuliza tumbo utapata jibu, ukiuliza ndugu utapata ukoo mzima.

Tatu, kuhusu ugomvi wa manila. Mikayi, mke wa kwanza, ni mikayi. Nyumba yake kwa dala (boma) inakaa mahali pake, inatazama lango, nyachira (wa pili) anafuata, halafu reru (wa tatu), na hata mtu akiwa amekufa miaka thelathini nafasi yake haihami. Wewe ukamweka nyachira juu. Kwa mzee wa nyumba ya kwanza hiyo si makosa ya kuchora, umehamisha nyumba ya mama yake. Mpigie simu umwombe msamaha, umwambie hukujua, na umwombe yeye akusaidie kujaza fomu ya nyumba ya A. Utashangaa.

Ukitaka njia rahisi, acha boksi kabisa, chora dala. Duara, lango, nyumba ya mikayi, nyumba ya nyachira, nyumba ya reru, simba, yaani vibanda vya vijana, pale karibu na lango. Halafu andika kila mtu alilala wapi. Mimi nilipochora gunda (boma la zamani) la babu yangu huko Kano, shangazi zangu walinitajia watu kumi na mmoja sikuwa nao kwa fomu, kwa sababu mtu anakumbuka mlango kuliko tarehe.

Na sasa la nne ndilo limenifanya nijibu. Umeandika shangazi 1953, baba 1956, Okello 1962. Mapacha wako wapi?

---

kijana_wa_landi (Nakuru)

Mwalimu asante sana, nimesoma mara mbili. Lakini mapacha gani? Kwetu hakuna mapacha, sijawahi kusikia.

---

NyarKano_mwalimu (Kisumu)

Okello ni mtoto anayefuata mapacha. Msichana ni Akello. Mapacha wenyewe anayetangulia kutoka ni Opiyo ama Apiyo, anayefuata ni Odongo ama Adongo, na atakayezaliwa baada yao ni Okello. Ni kweli mtu anaweza kurithi jina la mzee, Okello akaitwa Okello kwa sababu babu fulani alikuwa Okello, kwa hiyo sikuapii. Lakini wewe hapo juu yake una pengo la miaka sita, na watoto wengine wote wa dani yako wamefuatana miaka mitatu mitatu. Jina na pengo yakikutana mahali pamoja mimi ninauliza. Muulize shangazi yako mkubwa, taratibu, akiwa peke yake, sio kwa grupu.

---

karani_mstaafu (Kisumu)

Mwalimu amesema. Fomu ya familia ndiyo kazi yake hiyo, kukuonyesha mapengo. Watoto wakipangwa mmoja chini ya mwingine na miaka yao, pengo linajionyesha lenyewe.

---

mwana_bungoma

Mambo ya tarehe wacha niingilie. Sisi huku Wabukusu hatuna shida sana na hiyo kwa wanaume kwa sababu ya tohara. Tuko na marika manane, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa, yanazunguka yakirudi kama baada ya miaka mia, na tohara ni Agosti ya mwaka shufwa. Mzee akikuambia rika lake na bakoki wake yaani wale alipashwa nao tohara, umeshamfunga kwa miaka michache, na kama mmoja wa hao bakoki alisoma akabatizwa basi tarehe yake inakusaidia wote. Hata majina. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno, Wafula na Nafula mvua, Simiyu na Nasimiyu kiangazi, Wanyonyi wakati wa palizi. Hiyo haikupi mwaka lakini inakupa karibu mwezi. Wanjala ndio uchunge, ni njaa, inaweza kuwa ile njaa ya kawaida ya kungoja mahindi yakomae au inaweza kuwa njaa kubwa ya mwaka fulani.

Kwa upande wako wa Ugenya hakuna marika lakini kuna matukio. Mimi nimetengeneza karatasi moja ya miaka naenda nayo kwa kila mzee. Reli kufika Kisumu, Desemba 1901. Vita vya kwanza na kariakoo (wapagazi wa jeshi) 1914 mpaka 1918, halafu ule ugonjwa wa mafua wa 1918. Dhahabu ya Kakamega miaka ya 30 mwanzoni. Vita vya pili 1939 mpaka 1945, vijana kwenda Burma. Emajensi 1952. Mafuriko makubwa ya ziwa 1961 kuingia 1962. Uhuru Desemba 1963. Kifo cha Mzee Kenyatta Agosti 1978. Mapinduzi yaliyoshindwa, tarehe 1 Agosti 1982. Ukame wa 1984 tukala mahindi ya njano.

Sasa hiyo ya nzige. Usikubali tu neno nzige maana walikuja zaidi ya mara moja, lile wimbi lilianza 1928 likaendelea mpaka miaka ya mwanzo ya 30, na wakarudi tena miaka ya 40 na 50. Na usiulize "alizaliwa mwaka gani", uliza "nzige walipokuja alikuwa anabebwa ama anatembea ama alikuwa anachunga mbuzi". Hapo mtu anaona picha. Halafu kwa fomu usiandike mwaka mmoja kama umeuona kwa cheti, andika "kati ya 1928 na 1932" na uandike kwa nini. Mimi nilikuwa naandika mwaka mmoja ili ipendeze, nikaja kugundua nimemfanya babu yangu amezaa mtoto akiwa na miaka tisa.

Na kuhusu kitambulisho cha dani, kumbuka wanaume ndio walianza na kipande (kitambulisho cha wakati wa mkoloni) karibu 1920 wakikivaa shingoni, wanawake waliingizwa kwa kuandikishwa 1978. Kwa hiyo dani aliandikwa akiwa mtu mzima wa watoto wote wamezaliwa, mtu akamwangalia uso akaweka mwaka. Hiyo 1936 iweke, lakini kwa safu ya "nani alisema" andika kitambulisho, kadirio.

---

dada_wa_khayega (Kakamega)

Mimi nitaongea ya shamba kwa sababu baba mdogo wako aliuliza na hakuwa mjinga kuuliza.

Sisi baba alifariki akiwa na nyumba mbili. Tulipoanza mirathi kortini tukaambiwa tulete barua ya chifu yenye majina ya wote, halafu ile fomu ya P&A 5 inataka uandike kila mtu aliyeachwa na marehemu na mali yake. Tukazungushwa na makaratasi miezi kadhaa kwa sababu barua ilikuwa imemwacha binti mmoja aliyeolewa, mtu fulani alisema ameolewa hahesabiki. Anahesabika! Na sheria ya urithi, kifungu cha 40, ikisema mtu alikuwa na wake wengi bila wosia, mali inagawanywa kwa nyumba kwa kufuata hesabu ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai anaongezwa kama mmoja. Kwa hiyo ukimwongeza ama ukimtoa mtoto mmoja kwa chati umegusa hesabu ya mtu. Ndio maana anatetemeka.

Sasa ushauri wangu. Juu ya kila karatasi andika kwa mkono "HII NI HISTORIA, SI YA MIRATHI" na tarehe. Na uwe na nakala mbili. Moja ya nyumbani kwako yenye kila kitu, nyingine ya kuonyesha watu yenye majina tu, bila tarehe za walio hai, bila yale mambo. Mnajua yale mambo. Mjane alirithiwa na shemeji, mtoto akazaliwa, kwa jina ni wa marehemu na damu ni ya ndugu yake. Kwa nakala yangu mimi napiga mstari mzima kwa mwenye jina na mstari wa nukta nukta kwa mwenye damu, na hiyo nukta nukta haijawahi kutoka kwa kabati yangu.

Faida moja niliipata kutoka kwa hayo makesi: kila mirathi lazima itangazwe kwa gazeti rasmi la serikali, watu wapewe siku 30 za kupinga. Tangazo linataja marehemu, alikuwa wa wapi na alikufa tarehe gani. Magazeti hayo ya zamani yako kwa mtandao bure. Nimewapata wajomba watatu humo, tarehe zao za kufa ziko pale zimeandikwa vizuri kuliko kwa kaburi.

---

kijana_wa_landi (Nakuru)

Aisee nimepata shule. Nimempigia baba mdogo wa nyumba ya kwanza jana, alinyamaza kwanza, halafu akaniambia nije na karatasi yenyewe Desemba, yeye ako na kitabu cha mzee ambacho hajawahi kuonyesha mtu. Kitabu gani hakusema.

Swali dogo kwa mzee karani, mambo ya kanisa. Babu na dani walikuwa Wakatoliki. Nikienda parokia hapa Nakuru niulize nini? Na hayo yote ninayotafuta na sipati nayaandika wapi?

---

karani_mstaafu (Kisumu)

Usiende ukiwa na "nataka habari za familia yangu". Karani atakuambia urudi wiki ijayo. Nenda na karatasi ndogo, jina la mtoto, la baba, la mama, na miaka mitatu ya kutafuta ndani yake, kwa mfano 1953 mpaka 1955. Ukipewa mstari wa mtu usinakili jina na tarehe tu. Angalia na pembeni pia, maana kitabu cha ubatizo cha Katoliki kinarudiwa, mtu akipata kipaimara au akifunga ndoa hata kama ni parokia nyingine kabisa, inatakiwa habari irudishwe iandikwe pembeni ya ubatizo wake. Nakili na wasimamizi. Msimamizi wa ubatizo mara nyingi ni jirani wa landi au mtu wa kwao, na huyo huenda bado yuko hai.

Usichopata kina karatasi yake, daftari la msako. Safu tano zinatosha: tarehe, nilienda wapi, nilitafuta nini, nilipata nini, nirudi au nisirudi. "Sikupata" ni jibu, liandike. Mimi nimewahi kupekua kitabu kimoja cha miaka sita mara mbili, mara ya pili nikakuta alama ya penseli yangu mwenyewe ndani.

---

kijana_wa_landi (Nakuru)

Narudi na ripoti, ni wiki mbili sasa.

Jumapili nilienda kwa shangazi Bondeni. Nilibeba ile fomu ya nyumba ya B nimeiandika upya, penseli, rula, safu ya "nani alisema", kila kitu. Sikuuliza chochote. Tulikunywa chai, nikaiweka kwa meza nikamwambia shangazi angalia kama nimekosea. Akaweka miwani. Akasoma jina lake akacheka. Akasoma la baba. Alipofika kwa Okello kidole kikasimama hapo kati ya baba na Okello, kikakaa, mpaka nikafikiri hasomi vizuri. Halafu akaniuliza, "Nani amekuambia uache nafasi hapa?"

Sikuwa nimeacha nafasi wadau. Ni karatasi tu ilikuwa imekunjwa hapo.

Apiyo na Odongo. 1959, msimu wa mvua ndefu, yeye alikuwa na miaka sita. Walizaliwa landi, Apiyo aliishi wiki tatu na Odongo karibu miezi minne. Walizikwa hapa hapa Nakuru, hawakupelekwa nyumbani, kwa hiyo watu wa Ugenya wengi hawakuwahi hata kuwaona, na dani hakutaka watajwe kwake tena. Nilikuwa na saa nne za shangazi kwa simu na hao watoto hawamo mahali popote kwa sababu mimi sikuuliza. Aliniomba penseli akaandika majina mwenyewe, kwa mkono wake. Mkono unatetemeka kidogo lakini yanasomeka.

Mwalimu NyarKano sijui nikuambie nini. Ero kamano.

Sasa shida ni hii mzee karani. Hao mapacha ni wa tatu na wa nne. Okello alikuwa 1B3, sasa anakuwa 1B5. Ako na watoto saba na wajukuu kumi na wanane na wote nimeshawapa namba kwa fomu, kwa Excel, mpaka juu ya bahasha za picha. Nifute zote?

---

karani_mstaafu (Kisumu)

Usifute hata moja. Namba si cheo, ni jina tu, ikishapewa mtu haihami. Okello abaki 1B3. Wape mapacha 1B5 na 1B6, halafu kwa fomu ongeza safu nyembamba kushoto, "amezaliwa wa ngapi". Apiyo wa 3, Odongo wa 4, Okello wa 5.

Na hayo majina mawili aliyoandika shangazi usiyaandike upya kwa mwandiko wako. Kwa safu ya nani alisema weka tarehe ya hiyo Jumapili.

---

fundi_saiba_nax (Nakuru)

Iskani hiyo karatasi kabla ya kuikunja tena. Kuja hata leo, hiyo moja ni bure.